Maombi ya Uani

Harufu ya moshi wa mabua mabichi hunirudisha siku ile mdogo wetu mchanga alipofariki, kule kijijini kwetu Daa. Kwa mila yetu, jirani haingii nyumba iliyofiwa na mtoto mchanga wala hawagusi wenyeji wake kwa miezi mingi, asije akabeba mkosi. Wakristo wenzetu walikuja, wakaishia uani kwenye ukungu.

“Ingieni basi,” baba aliwaambia. “Si mnahubiri Yesu aligusa wenye ukoma?”

Mzee wa kanisa alivua kofia. “Ndugu yangu, naamini. Ila naogopa kuwapelekea wanangu mkosi. Sitakudanganya.” Akapiga magoti topeni, akaomba palepale.

Labda alipungukiwa imani, labda alikuwa mkweli tu. Mimi siwezi kumhukumu. Mama, ambaye hakuna aliyemshika mkono, alisema kutoka ndani, “Mwambieni ainuke. Tope lina baridi.”