Mama Tabu na Uzi Wake wa Senti

Kusoma hajui hata a. Lakini Mama Tabu, yule muuza khanga aliyetoka Tabora akahamia Geita kwenye mgodi, usimchezee kwenye hesabu. Mimi nilimchezea, mwaka hamsini na tatu.

Kesho yake mshenga wangu alikuwa anipeleke kwa kina Limi kuniposea. Akienda bila doti ya khanga ya mama mkwe, anafukuzwa mlangoni. Na mfukoni nina shilingi nane, basi.

Doti ya Mama Tabu shilingi kumi. "Leo napunguza ishirini kwa mia," akasema.

"Ishirini tu? Mwizi wewe! Muhidini hapo ng'ambo anapunguza thelathini!" Nilibwata mpaka wachimbaji waliokuwa wanakunywa uji wakageuka. Hata shikamoo sikumpa. Nikavuka barabara kifua mbele.

Muhidini akakunja khanga, akanyoosha mkono. "Nane na senti arobaini."

"Si umepunguza?"

"Nimepunguza. Ilikuwa kumi na mbili."

Nikabisha, nikagonga meza, nikamtajia babu yake. Akairudisha khanga kwenye rafu. Senti arobaini, jamani! Limi anakwenda hivi hivi namwona!

Nikarudi kwa Mama Tabu nimenywea. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mabula. Thelathini zimeisha?"

Wachimbaji hoi kwa kicheko. Akavua shingoni uzi wake: zile senti kumi kumi zenye tundu, ziko kumi, shilingi kamili.

"Shika. Thelathini kwa mia, kila shilingi chomoa tatu. Zimebaki ngapi?"

"Saba."

"Bei ya Muhidini shilingi kumi na mbili. Saba mara kumi na mbili. Kwa sauti!"

Nikahesabu mpaka jasho. "Themanini na nne."

"Ndiyo hizo nane na arobaini. Sasa kwangu chomoa mbili tu. Nane mara kumi?"

"Themanini. Shilingi nane... Gashinaga, kumbe!"

"Kumbe nini? Mtu akikwambia thelathini, muulize thelathini ya bei gani."

"Basi nipe doti, mama."

"Ya mwizi? Umenitukana kwa sauti, nisafishe kwa sauti."

Nilisimama mlangoni na ule uzi mpaka adhuhuri, nawachomolea wateja senti huku koo linakauka. Doti kumi na moja zikauzwa. Ya kumi na mbili akanipa mimi, kwa nane zangu, senti hazikuzidi.

Mama mkwe aliipokea, akaipapasa, akauliza bei yake.

Nikamwambia kumi na mbili.