Ngao ya Kijani Kwenye Simu ya Mama Neema

Mimi si mtu wa hadithi. Niliishia darasa la sita, ninalima maharage vilimani juu ya Mushaki, huku Masisi, na kanisani ninakaa nyuma kwa sababu sipendi kutoa ushuhuda. Kama ningekuwa ninabuni, ningebuni jambo linalonipa sifa. Hili halinipi. Lilitokea mchana, sikuwa nimekunywa kitu, na aliyeumia kwa ajili yake ni mtoto wangu.

Mke wangu, Mama Neema, alifariki baada ya homa ya siku nne. Binti yetu Neema ameolewa Walikale, na wiki ile mvua ilikuwa imekata barabara. Tukazika bila yeye. Unajua maana ya jambo hilo? Mtu asiyeona kaburi haamini hata akiapiwa. Kila jioni nilipanda kilimani, mahali ambapo mtandao wa kawaida unashika kidogo, naye aliniuliza swali moja tu: "Papa, iko kweli?"

Kwetu simu ya marehemu haizimwi kabla kilio, yaani matanga, hakijaondolewa. Mtu wa nyumbani anaishika na kuitika, ili kila anayemtafuta apate habari. Niliishika mimi. Siku ya tano, nikibonyeza bonyeza bila kujua ninachotafuta, nikakuta sauti ishirini na tatu ambazo mke wangu alijirekodi mwenyewe. Neema alikuwa na mimba ya miezi saba, na mama yake alikuwa akimwandalia mafundisho: namna ya kumwogesha mtoto mchanga, namna ya kumshika shingo, wimbo mfupi wa Kihunde. Katika moja anasimama katikati ya maneno ili amfukuze kuku. Nilisikiliza mbili, nikashindwa kuendelea. Nikaamua kwamba lazima zifike Walikale. Mtoto asiyeona kaburi angalau asikie sauti, moyo wake utulie.

Mtandao wa kilimani hauwezi kubeba sauti nyingi hivyo. Nikashuka barabarani kwa Papa Bahati, anayeuza mtandao wa antene nyeupe iliyo juu ya bati la duka lake. Antene ile huingii kwa njia yoyote unayotaka. Kuna programu yake yenyewe, wanaiita dirisha, na lazima upitie humo, uandike humo, utafute humo. Papa Bahati aliileta antene kanisani kabla hajaipandisha, mchungaji akaiombea. Tangu siku ile watu walisema virusi haviwezi kuingia kwenye antene iliyoombewa. Na mimi nilisema hivyo. Siwezi kuficha.

Ilikuwa saa nane, ukungu umeshuka hadi barabarani. Papa Bahati aliniwekea dirisha kwenye simu, akarudi kaunta yake. Mara kukatokea maandishi: *Kuna mlinzi mwingine kwenye simu hii. Mwondoe ili kuendelea. Mtandao wetu unakulinda.* Mlinzi huyo alikuwa ngao ndogo ya kijani. Mke wangu aliiweka kwa fundi wa simu kule Sake, wala hakunieleza kazi yake.

"Papa Bahati, inaomba nitoe antivirus," nikasema.

"Toa tu. Rezo yetu, hii mutandao, iko na antivirus yake. Ulishaona muntu anafunga mulango ya chumba akiwa mu kanisa?" Watu wawili pale kaunta wakacheka.

Hapo ndipo mama mmoja akaketi kando yangu. Ubao wa benchi uliinama upande wake. Nilihisi uzito wake, weka hilo akilini. Alikuwa wa makamo, kitenge kimelowa pindo, ananukia moshi wa kuni. Sikumfahamu.

"Jambo, Papa. Unatuma nini?"

"Sauti za bibi yangu. Kwa mutoto, kule Walikale."

"Alishakufa?"

"Alishakufa."

"Pole sana." Akaelekeza kidole kwenye ngao bila kuigusa. "Ile usiitoe. Wao wanachunga barabara yao. Simu yako hawaichunge. Mwenye aliiweka pale alijua."

Nikamuuliza yeye ni wa wapi. Wakati huo huo dirisha likafungua kamera lipige picha ya uso wangu ili kuniandikisha. Nikajiona kwenye kioo cha simu: kofia yangu, bega langu, ubao wa benchi, ukuta wa mbao. Upande wa kulia, alipokuwa ameketi yule mama, palikuwa na ubao mtupu. Nikageuza kichwa. Yupo, ananitazama. Nikarudi kwenye kioo. Hayupo. Nilifanya hivyo mara tatu.

"Papa Bahati," nikasema, "huyu mama ni nani?"

"Mama gani?"

"Huyu."

Akainua macho, akatazama palepale. "Uko peke yako tangu umefika, Papa. Ao kilio imekushika kichwa? Uende ulale."

Sasa nisikilize vizuri, maana kosa langu liko hapa. Mimi ni mtu wa sala. Nilifundishwa kwamba kisicho na mwili hakileti jambo jema, na kwamba kikikwambia nenda kulia, wewe shika kushoto. Sikupima aliyoyasema. Nilipima tu aliyeyasema. Nikalitaja jina la Yesu kimoyomoyo, na palepale, mbele ya macho ya yule mama, nikabonyeza *Ondoa*. Ngao ikatoweka.

Hakukasirika. Alinitazama kama unavyomtazama mtu anayepika maharage ya mbegu. Kisha akasimama, ubao ukainuka, akatoka akapotelea kwenye ukungu. Huamini? Hata mimi kuna siku ninatamani nisiamini.

Nikaanza kutuma. Maandishi mengine yakatokea ndani ya dirisha: *Sauti zako ni nzito, pokea chombo cha kuzipunguza.* Nikapokea. Kwa nini nisipokee, wakati niko chini ya antene iliyoombewa? Simu ikapata moto mkononi. Zile sauti zikabadilika majina, zikawa herufi nisizoweza kuzisoma, moja baada ya nyingine. Nikagusa ya kwanza, haikufunguka. Nikazigusa zote ishirini na tatu. Papa Bahati alizima simu, akaiwasha, akajaribu tena. Wale wawili wa kaunta hawakucheka tena.

Asubuhi yake simu zikaanza kuingia, kutoka Sake, kutoka Ngungu. Watu tuliozika nao walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini. Mama Neema alikuwa amewaandikia wote, kwa jina lake na picha yake: *Niko hapa. Ninakungoja. Fungua uone.*

Mkwe wangu aliponipigia, nilijua kabla hajasema.

"Papa, Neema ametoka mbele ya jua kutoka. Anasema mama yake anamungoja."

Alisafiri siku nne, kwa pikipiki palipopitika, kwa miguu palipokatika, na tumbo lile. Siku nne sikulala wala sikula. Alifika miguu imevimba, akapita karibu yangu bila kunisalimu, akaingia ndani, akatazama jikoni, akatazama chumbani.

"Mama iko wapi?"

Nikamshika mkono, nikampeleka kwenye kaburi. Hakulia. Alisema tu, "Lakini aliniandikia, Papa."

Mtoto alizaliwa kwangu kabla ya wakati wake. Yuko hai, ni wa kike. Siku ya kumwogesha, Neema alisimama mbele ya beseni, hajui amshike vipi, na mimi nilisimama mlangoni nikijua kwamba maneno ya kumsaidia yalikuwapo, nami ndiye niliyeyapoteza. Dada yangu ndiye aliyemwonyesha.

Fundi wa Sake aliniambia hakuna mzimu katika ule ujumbe. Alisema mtandao ule unachunga njia yake tu. Kitu unachokipokea mwenyewe, simu ndiyo inayopaswa kukikataa, nami nilikuwa nimeinyang'anya mlinzi wake. Jina la mke wangu liko mikononi mwa watu wasiojulikana, alisema, nao wanaandika watakavyo. Namwamini. Lakini yule mama wa benchi hayumo katika maelezo ya fundi. Mpaka leo sijui nilimfukuza nani. Nikiketi mahali penye nafasi kando yangu, ninageuka geuka, na watu wameshaanza kuona.

Wewe unayesoma, ukiambiwa na mwenye mtandao utoe ulinzi wako kwa sababu wake unatosha, kataa, hata kama mtandao umeombewa na maaskofu kumi. Na neno la kweli lipime lenyewe, lije kutoka kinywa chochote. Ujumbe bado unatumwa. Wiki iliyopita mtu wa Masisi Centre aliupata. Ukikufikia wewe, usifungue. Mama Neema hamngoji mtu. Nilimzika kwa mikono yangu.