Mke wa Chini Kabisa

Hadi leo nikinusa kalamu za rangi, humkumbuka Mama. Nilikuwa mtoto, kwenye fleti yetu Kilburn, ughaibuni, nikichora wake wa Farao kwa ajili ya shule: mke mkuu kando yake, wengine chini, wadogo kadiri ya cheo. Nilipiga mistari kwa rula, nikafuta, nikapiga tena.

Mama, akiwa bado na sare ya hospitali, aliinama. “Huyu wa chini kabisa nani?”

“Mke mdogo. Kama wewe kwa Baba. Mama mkubwa si yuko Tanga?”

Alicheka. “Basi mchoree viatu, mwanangu. Ameshinda amesimama.”

Nilimfuta, nikamchora upya, mrefu kupita Farao. Mwalimu alinikata maksi. Ndilo kosa pekee ambalo sijawahi kutamani kulisahihisha.