Ukuta wa Baba na Jiwe Lililotembea

Baba yangu aliyaamini mawe kuliko watu. Alikata mawe ya matumbawe katika timbo la Bamburi tangu ndevu hazijamwota mpaka mgongo ulipokataa, na ukuta wa kiwanja chetu pale Mjambere aliujenga kwa mikono yake, mrefu kunishinda. Ubaya wake ni kwamba aliujenga akaziba mkondo wa maji ya mvua. Kwetu kukawa kukavu. Kwa jirani yetu wa upande wa juu, mama mjane aliyenisuka nywele utoto wangu wote, kukawa bwawa.

Masika iliyopita alilala kitanda kimepandishwa juu ya mawe manne, maji yakizunguka chini. Akaja kwa heshima zake kumwomba baba atoboe ukuta. Baba akajibu kwamba si yeye aliyeileta mvua. Tangu siku hiyo hakuna aliyebisha hodi kwa mwenzake, na mimi nikawa naona haya hata kumwamkia mama wa watu. Nilimkasirikia baba waziwazi. Nilimpikia kwa vishindo vya sufuria, naye akala kama aliyezibwa masikio.

Kamati ya mafuriko ya mtaa ilipokodi basi kutupeleka Tsavo, tukaone watu wa huko wanavyojikinga na maji yashukayo milimani, nilimwandikisha baba bila kumuuliza. Alikubali kwa kuwa alisikia njiani kuna mawe. Alikaa kiti cha nyuma kabisa, jirani akakaa cha mbele kabisa, nami nikakaa katikati nikiwatazama visogo na nyuso.

Sikuwa nimejiandaa kwa kile nilichokiona. Tulishuka, na mbele yetu nchi ilikuwa nyeusi. Sisemi udongo mweusi, udongo haukuwepo. Ilikuwa miamba iliyokunjamana, imebebana, imepasuka, ikienda mpaka macho yanachoka, na juu yake hakuna mti wa kumpa ndege kivuli. Nilishika mkono wa baba kama mtoto.

Mtembezaji wetu, mama wa Kikamba mwenye kofia pana, alieleza kwamba ardhi ilipasuka kule juu, mawe yakatoka yameyeyuka, yakateremka yakifuata mabonde. Alituonyesha mahali yalipokutana na kilima kidogo, yakagawanyika, yakapita pande zote mbili, yakakutana tena mbele.

"Jiwe lilitembea?" baba akauliza.

"Lilitembea, mzee. Kama uji uliofurika."

Baba alichuchumaa. Akaligonga kwa kifundo cha kidole mara tatu, akatega sikio, kama alivyokuwa akigonga kila jiwe timboni kabla ya kulikata. Akagonga tena. Nilimwona uso umembadilika, na nikatambua kwamba baba yangu anaogopa. Maisha yake yote jiwe lilikuwa kitu kinachokaa ulipokiweka.

Kulikuwa na pango ndani ya miamba ile, njia ambayo lava ilipitia ikaiacha tupu. Jirani alikuwa wa kwanza kuingia na mtembezaji. Baba alipofika mlangoni alisimama, akavua kofia, na neno likamtoka lenyewe: "Hodi."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilimwona jirani kule ndani amegeuka. Alifungua mdomo, kisha akaufunga. Kwetu mtu akibisha hodi huitikiwa, hata awe mdai. Baba alisubiri kidogo, akaingia bila kukaribishwa.

Mchana tulifika kwenye korongo ambako wenyeji wamejenga kuta za makasha ya wavu wa chuma, yamejazwa mawe yale yale meusi, kuvunja nguvu za maji. Chini ya kila ukuta waliacha tundu pana. Baba alilizunguka lile tundu kama fundi anayekagua kazi ya mpinzani wake.

"Ukuta gani huu, una tundu?"

"Wa kwanza tuliujenga bila tundu," mtembezaji akasema. "Maji yalijaa nyuma yake, yakaulaza wote. Uliangukia jiko la mtu."

"Kulikuwa na mtu jikoni?"

"Mungu alisaidia, alikuwa ametoka kuchuma mboga."

Njia nzima ya kurudi baba alikuwa akiangalia nje, na nilipompa chungwa alilishika mpaka Mariakani bila kulimenya.

Siku ya nne, baada ya chai, nilimkuta uani anamwaga majivu kwa mstari, kutoka ukutani mpaka mtaro wa barabarani. Mstari ulipita katikati ya banda lake la kupumzikia, ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Mchana wote alilibomoa peke yake. Nilijitolea kusaidia, akaniambia nikapike, na safari hii nisivunje sufuria. Kumbe alikuwa akisikia.

Alasiri alichukua nyundo na tindo, akapiga magoti mbele ya ukuta, chini kabisa. Kupiga magoti kulimlazimu ajishike ukutani, na roho iliniuma kwa namna ambayo hasira yangu haikuwa imenitayarisha. Alijenga ukuta ule akiwa na nguvu zake, na hakuwa nazo tena.

Aligonga jiwe mara tatu kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliye mlangoni pa watu: "Hodi."

Baba alisubiri kidogo, akainamisha kichwa, akaishika tindo apate kuanza.

"Karibu, kaka," jirani akaitikia. Sauti ilitoka nyuma tu ya jiwe, chini, usawa wa baba. Naye alikuwa amepiga magoti upande wake. Halafu tukasikia kidole chake kinagonga, hatua moja kushoto kwa tindo. "Toboa hapa. Maji hupitia hapa."