Bendera ya Kijani Kwenye Reli ya Kibera

Enzi zetu sisi watoto wa Lindi, mtaa wa Kibera, treni ya mizigo haikupita tu. Ilipanda. Nasema hivyo kwa sababu vijana wa leo wakisikia treni wanafikiria ile ya kukaa kwa kiti kizuri ukijipiga picha dirishani. Yetu ilikuwa ya kazi. Mlima wake ulianzia pale kwetu Kibera, ukaenda Dagoretti, ukaenda Kikuyu, mpaka kule Limuru kwenye baridi na ukungu, ndipo iteremke bondeni. Kwa hivyo ilitufikia ikianza kuhema, na mabehewa yake marefu ya saruji na mbolea na matangi ya mafuta, sisi tumejipanga kando ya reli tunaisaidia kwa mdomo: "Panda! Panda! Panda!" Ikishakata kona ya Gatwekera tulijipigia makofi. Haki ya Mungu, tuliamini ni sisi tumeisukuma.

Mliokuwepo mnakumbuka ile harufu. Dizeli, samaki wa kukaangwa, mahindi ya kuchoma, na vumbi la makaa. Reli ndiyo ilikuwa soko letu, na akina mama walitandaza nyanya na omena hapo hapo katikati ya vyuma. Honi ikilia kutoka Laini Saba, unaona magunia yanakunjwa, sufuria zinainuliwa, na hakuna hata nyanya moja inayoachwa. Sisi watoto tuliweka vifuniko vya soda juu ya chuma, treni ikishapita tunavichukua vikiwa bapa na moto, tunavitoboa, tunavitia uzi na kuvizungusha hadi vinalia. Hiyo ndiyo ilikuwa gemu. Haikuisha chaji.

Lakini mimi nilikuwa na sababu yangu ya kuringa. Watoto wengine baba zao walikuwa wa mjengo, wengine mafundi viatu, wengine walinzi. Baba yangu alikuwa na treni. Sawa, haikuwa yake. Alikuwa gadi, yule mtu anayekaa kwenye behewa la mwisho kabisa kuangalia kama mabehewa yote yamefuatana vizuri. Kwangu mimi treni nzima ilikuwa yake, na aliyebisha tulipigana.

Baba akienda safari alikaa huko karibu wiki. Sasa, kwa vile treni ilipanda pole pole pale kwetu, Mama alipata mbinu. Alipika ugali na mboga ya mrenda, akafunga mkebe kwa leso, akasimama kando ya reli. Behewa la mwisho likifika, alitembea nalo sambamba kama mtu anayesindikiza mgeni, akampa Baba mkebe mkononi, wakaulizana habari mbili tatu za nyumbani, halafu Mama akabaki. Mama Achieng, jirani yetu aliyekaanga samaki pale, alizoea kusema, "Hawa wawili wanatongozana kwa treni ya serikali."

Kitu kimoja tu Baba alitunyima. Alikuwa na bendera mbili, nyekundu na kijani, amezikunja chini ya kwapa. Tulimwomba kila siku atupungie ile ya kijani. Wapi! "Bendera si mchezo," alisema. "Nikiinua kijani, dereva anajua njia iko wazi, aende. Haiinuliwi kwa sababu mtoto amelia." Alitupungia mkono mtupu, tukaridhika.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Nilikuwa nimefanya mtihani wa darasa la nane. Shangazi yangu, dada mkubwa wa Baba, sisi tunamwita Senge, aliishi Kawangware na alikuwa amenipatia kazi ya nyumba kwa tajiri mmoja upande wa Lavington. Alisema msichana kukaa bure Kibera ni kutafuta shida. Baba alimjibu, "Ngoja matokeo." Na matokeo yakakawia. Senge akachoka kungoja, akatuma ujumbe kwamba Jumamosi asubuhi anakuja kunichukua, nifunge nguo zangu. Na kwetu watu wa magharibi ya Kenya, Senge akisema, mke wa kaka yake anabishana naye kwa mdomo gani? Ni Baba peke yake angeweza kumkataza. Na Baba alikuwa kazini tangu alfajiri, jioni hiyo ya Ijumaa anapita na treni, halafu harudi mpaka wiki ijayo.

Ijumaa hiyo hiyo mchana, mwalimu mkuu akatangaza matokeo. Nilipita. Sikupita kwa kuchungulia, nilipita vizuri, na nikaitwa mbele ya shule nzima! Nilikimbia kutoka shuleni hadi nyumbani bila kuhisi viatu. Mama alinikumbatia, halafu akageuka kuangalia nguo zangu zilizokunjwa. Nilijua anafikiria nini, kwa sababu hata mimi nilikuwa nafikiria hiyo Jumamosi.

"Twende kwa reli," akasema. "Baba yako atasikia leo, na atanijibu leo."

Alipika hata hivyo. Tukasimama pale pale petu, mkebe kwa leso. Honi ikalia. Magunia yakakunjwa. Treni ikatokea, na Mama akashika kichwa. Siku hiyo mzigo ulikuwa mzito, basi walikuwa wameongeza injini ya pili nyuma, inasukuma. Mngesikia hiyo kelele! Ardhi ilitetemeka mpaka mafuta ya Mama Achieng yakamwagika. Na haikuja pole pole ya kawaida, ilikuja na mbio.

Behewa la Baba likafika, na ile injini nyuma yake inanguruma. Mama akakimbia. "Nekesa amepita! Senge anakuja kesho! Baba Nekesa, amepita!" Nilimwona Baba akiinama, ameweka mkono sikioni, anatikisa kichwa. Hasikii. Mama akanyoosha mkebe, ukakosa mkono wake, ukaanguka, ugali ukatapakaa kwenye kokoto. Behewa likatupita. Mimi nikakaa chini nikalia kwa sauti, sioni haya kusema. Niliona kabisa ndoo na ufagio wa Lavington.

Mama Achieng hakulia. Aliweka mikono mdomoni, akapaza sauti kwa wenzake wa mbele: "Nekesa amepita mtihani! Senge asimchukue! Mwambieni baba yake!" Muuza mahindi akalipokea neno. Wauza omena wakalipokea. Likapanda na ile reli haraka kuliko treni yenyewe, mama mmoja hadi mwingine, vigelegele juu, hadi kona ya Gatwekera watu wote wamesimama pande mbili wanasema neno moja kwa sauti moja. Hata wale wasionijua, ambao hawangeweza kunitofautisha na mbuzi, walikuwa wanapiga kelele kwamba Nekesa amepita, Senge asimchukue. Injini mbili ni kelele. Lakini Kibera ikiamua kusema, injini ni nini?

Tukasimama katikati ya reli, mimi na Mama, tukiangalia treni ikikata kona. Ilibaki kidogo sana ipotee. Nikaona mkono wa Baba ukitoka pembeni mwa behewa. Nikadhani anatupungia tu kama kawaida. Halafu kitambaa kikafunguka. Kijani! Aliishika juu, imenyooka, hakuishusha mpaka kona ikamficha.

Mama alicheka huku machozi yanamtoka. "Umeona?" akaniambia. "Njia iko wazi."

Senge alikuja Jumamosi na mfuko wa kunibebea nguo. Mama akamkaribisha chai, akamwambia kwa heshima zote, "Mwenye nyumba ameinua kijani." Senge aligeukia majirani waliojaa mlangoni, wote wakaitikia kwa vichwa kwamba ni kweli, tumeona. Alikunywa chai yake, akala mandazi, akarudi Kawangware na mfuko mtupu.

Leo mimi ni nesi, na mambo ya Mungu hayatabiriki, ninaishi Kawangware hiyo hiyo. Baba na Mama nimewaleta wakae nasi. Huku treni haipiti, ni honi za bodaboda tu. Na hata kule Kibera, nasikia treni ya mizigo inapita mara moja moja, na watoto hawainui macho, wameinamia simu.

Juzi binti yangu Nafula alipata matokeo ya kidato cha nne. Anaenda chuo kikuu. Nilijuaje? Niliona kwa simu, kwenye kikundi cha familia, na chini yake vidole gumba vimepangana. Yeye mwenyewe alikuwa chumba cha pili. Jioni Baba, ambaye simu yake ni ile ya vibonye, akashangaa kwa nini tunapika kuku.

"Kuka, si nilituma kwa group," Nafula akamwambia babu yake.

"Group ni nani?" Baba akauliza. "Toka nje useme, watu wasikie."

"Zii, Kuka, nitaaibika!"

Lakini alitoka, mdogo mdogo, hadi geti la ploti. Akasema kwa kasauti ka panya: "Nimepita mtihani." Hakuna aliyegeuka. Baba akamwambia arudie. Akarudia. Mara ya tatu mama mboga wa ng'ambo ya barabara akainua kichwa, akauliza, "Nani amepita?" Akasikia jina, akapiga kigelegele, akamwambia wa mitumba, wa mitumba akamwambia kinyozi, na neno likaenda.

Nikageuka kumtafuta Baba, simwoni. Bendera alirudisha siku ya kustaafu, maana ilikuwa mali ya kazi, na Baba hakuwa mtu wa kubaki na mali ya kazi. Nikasikia Mama akilalamika ndani kwamba rimoti imeanguka. Mzee wangu akatoka na kitambaa cha kijani cha kochi letu, akasimama getini, akakinyoosha juu ya kichwa cha mjukuu wake, na hakukishusha.