Picha ya Mama Mukwe kwenye Saloni Yangu

Miaka ile nilikuwa nachoka hadi kivuli changu kinabaki njiani, kinanikuta nyumbani baada ya chakula. Mchana karakana ya reli, jioni shule ya watu wazima. Cheti nilikipata. Usingizi naudai hadi leo.

Ndipo mke wangu akafungua sanduku la marehemu baba yake. Mzee alikuwa akipaka rangi mabehewa hapa Élisabethville, naye mkewe amebaki kulima Lukafu. Kwa rangi za masalio alikuwa amemchora kwenye karatasi ngumu: yuko shambani, ameinama, jembe mkononi. Alimchora kwa kumkumbuka tu. Mama mwenyewe hakuwahi kuiona, na sasa alikuwa anakuja kututembelea.

"Baba batoto, uitilie kadre," mke wangu akasema. "Mama aione mbele ya kurudia Lukafu."

Nikavunja sanduku la divai, nikaanza kukata mbao za fremu. Shuleni nilikuwa nimefundishwa pembe zote za dunia, na nyingine nadhani mwalimu alizizua mwenyewe, lakini pembe za kadre ile zilikataa kukutana. Jirani yangu, Mukasai mshona viatu, akasimama kuangalia.

"Ndugu, hii iko kadre ao iko kitanda ya mugonjwa?"

"Iko kadre."

"Basi uipeleke ku hospitali."

Nikaijaza misumari, nikaitundika saloni, chumba chetu cha wageni, juu kabisa, imeinamia mbele kidogo kama tulivyozoea wote, ili mgeni akikaa picha imtazame. Nikalala chini yake, nyundo mkononi.

Mama mukwe akafika, akapita moja kwa moja hadi jikoni, nyuma ya uwanja. Hapo ndipo nilipokumbuka. Kwetu mkwe na mama mukwe hawakai chumba kimoja, wala hawatazamani usoni. Na mimi picha nimeiweka wapi? Saloni.

"Nitatoka, aingie," nikamwambia mke wangu, viatu vya kazi bado miguuni.

"Nilimwambia. Anasema hawezi kuingia mu saloni ya mukwe, hata kama haumo. Kiti yako iko mule."

"Tutoe kiti."

"Na kofia yako? Na arufu ya tumbaku yako?"

Tulitoa kiti na kofia. Nikakaa barabarani kwenye jua hadi ubongo ukaiva. Mama hakuingia. Alibaki jikoni, akimtuma binti yake.

"Uende uone, jembe iko mu mukono gani?"

Mke wangu anavuka uwanja, anaangalia, anarudi.

"Ya kuume, mama."

"Na kitambaa ya kichwa?"

Anavuka tena. Jioni miguu yake ilikuwa imevimba kuliko yangu.

"Tuipeleke jikoni," akaniambia.

"Moshi itaikula."

"Itaikula. Mama anarudia kesho."

Kesho yake nilitoka kazini mapema, nikakuta ukutani msumari mtupu, tena umepinda. Sauti ya mama mukwe ikaja kutoka jikoni, ikimsemesha marehemu.

"Weye muzee. Mugongo tu? Sura yangu ulisahau?" Akacheka peke yake. Kisha pole pole: "Hapana, mugongo wangu ndio huu. Njo huu kabisa."

Nikavua viatu bila kelele, nikakaa sakafuni, maana kiti kilikuwa bado nje. Moshi wa kuni ulikuwa unatoka jikoni, unavuka uwanja. Sikuinuka kwenda kuiokoa kadre yangu.