Tembo wa Rafiki Yangu Niliyemchuna Ngozi

Jina langu nifichieni, kosa msilifiche. Nimekosea, na tangu siku ile situlii. Nakaa, nasimama, nachungulia dirishani, narudi.

Naishi Euless, kando ya Dallas huku Marekani, napanga mizigo ya ndege. Hobi yangu ni token za zamani, vile visarafu vya shaba vya enzi Marekani iko chini ya Mwingereza. Nimejifundisha mwenyewe kwenye video, basi nikajiona profesa.

Rafiki yangu, tumwite Salum, Mzanzibari, dereva wa lori, aliipata moja garage sale ya Carrollton, mtu anauza vitu vyake vikuukuu nyumbani kwake, ndani ya kopo la vifungo. Nyeusi tii, imechorwa tembo. "Yakhe, huyu kaja Marekani kabla yetu, na viza hakuulizwa!"

Hakutaka kuiuza. Alitaka wataalamu wa maonyesho ya sarafu ya Houston wamwambie ni ya kweli, amtunzie binti yake. Akanikabidhi mimi.

Mimi nikaona aibu kupeleka kitu cheusi mbele za watu. Kwetu shaba haitoki kwa mgeni haijang'aa. Nikachukua ndimu na majivu ya jiko la nyama choma, nikasugua kama bibi anavyosugua sinia la Idi. Salum alipoiona ndani ya gari akasema, "Mashallah, kanawiri."

Houston, Salum akajitenga kuswali adhuhuri. Mzee mmoja mtaalamu, kwenye meza ya kukagua, akaitazama kwa lenzi, akashusha pumzi. "Ni ya kweli, na ni adimu. Nani kaisugua? Kamchuna ngozi huyu tembo, weusi ule wa miaka ndio thamani yake. Imeshaharibika."

Nikapandwa na hasira. Badala ya kusema ni mimi, nikaanza kumfokea. Salum anarudi, ananikuta bado nafoka.

"Kuna nini?"

"Anasema sisi Waafrika tumeiiba."

Jamani, Salum ni mpole. Siku ile alimporomoshea yule mzee wa watu matusi mpaka tukatolewa nje.

Njia nzima kurudi Dallas: "Umenipigania, ndugu yangu." Sasa msikitini kila mtu ananipa mkono. Juzi binti yake kaniuliza kwa Kiingereza chake kama yule babu mbaya bado yupo.

Naandika haya nikiwa kwenye gari, nje kwa Salum. Nime-park, nimewasha, nimezima. Nikimwambia, pengine namkosa. Nisipomwambia, anayempenda si mimi.

Vijana wenzangu, kitu cha mtu kirudisheni na weusi wake. Na kabla hujampigania rafiki, hakikisha aliyemkosea si wewe.